Baridi Yabisi: Miezi ya Kwanza Ndiyo Inayookoa Mikono

Mazungumzo ya afya kwa mabaraza ya wananchi, Kaunti ya Isiolo

  

Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu aliyetoka hospitalini na jina jipya la ugonjwa. Ameambiwa ana baridi yabisi ya rumatoidi, ile inayoletwa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Ameambiwa haiponi jinsi malaria inavyopona, na kwamba atatumia dawa kwa miaka mingi. Anarudi nyumbani Bulla Pesa, Kinna, Oldonyiro au Merti, mfuko wa dawa mkononi, maswali tele kichwani. Watu wa nyumbani wanauliza amepatikana na nini, naye hajui aanzie wapi kueleza.

Neno kuu la leo ni moja. Kiungo kilichovimba kinaweza kutulia na kufanya kazi tena, lakini kiungo kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kwa hiyo miezi ya kwanza tangu maumivu kuanza ni ya thamani kubwa, na kila wiki inayopotea kwa kusitasita inalipwa na mikono.

UGONJWA HUU NI UPI

Kila boma lina mbwa wake. Kazi ya mbwa ni kumbwekea fisi usiku na kuwaacha mbuzi walale. Kinga ya mwili ni mbwa huyo. Ikiona kijidudu, inakishambulia, na mwili unapona. Katika baridi yabisi ya rumatoidi mbwa amekosea: anawauma mbuzi wa boma lake. Kinga inashambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando unavimba, unajaa maji, na polepole unakula gegedu na mfupa ulio karibu.

Ugonjwa huu hauletwi na baridi ya usiku, ingawa jina lake la Kiswahili lina neno baridi. Hauletwi na kukanyaga maji, wala laana, wala jicho la mtu. Hauambukizi. Mgonjwa anaweza kula sahani moja na wenzake, kulala na mwenzi wake na kubeba watoto wake. Hali ya hewa ya baridi inaweza kumfanya ahisi maumivu zaidi, lakini haikuuleta ugonjwa.

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 18 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu mwaka 2019, na karibu asilimia 70 yao ni wanawake. Huwapata hata vijana, kwa hiyo si sawa kumwambia mama wa miaka 35 kwamba maumivu yake ni uzee.

Dalili zake zina namna yake. Kwa kawaida huanza kwenye viungo vidogo: vifundo vya vidole vya mikono, viganja, vidole vya miguu. Mara nyingi hushika pande zote mbili, kulia na kushoto. Asubuhi mikono huwa imekakamaa kama kamba iliyolowa ikakauka, na huchukua zaidi ya nusu saa, wakati mwingine saa kadhaa, kulegea. Mgonjwa huchoka bila kazi, hukosa hamu ya kula, pengine homa ndogo hupanda. Hali hiyo ikidumu zaidi ya wiki sita, si jambo la kuchua na mafuta tu.

KWA NINI JINA LAKE HUCHELEWA KUJULIKANA HAPA

Isiolo ni kaunti ya wafugaji, na maziwa ya ngamia, ng'ombe na mbuzi ndiyo maisha ya watu wengi. Maziwa yasiyochemshwa huleta brusela, ugonjwa wa kweli ambao nao huleta homa, uchovu na maumivu ya viungo. Kwa sababu hiyo, mtu akilalamika viungo, wazo la kwanza la kila mtu ni brusela. Anapimwa kwa kipimo cha haraka, anapewa dawa, anarudi nyumbani.

Shida ni kwamba kipimo hicho cha haraka kinaweza kusema ndiyo wakati ugonjwa haupo. Basi mgonjwa hutibiwa brusela mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na vidole vinaendelea kuvimba. Brusela iliyotibiwa kwa dawa mbili zinazofaa, kwa wiki sita kamili, kwa kawaida hutulia. Mtu aliyemaliza dawa zake sawasawa na bado mikono inakakamaa kila asubuhi anastahili kuulizwa swali jingine.

Vilevile si kila maumivu ya viungo ni rumatoidi. Kuna kuchakaa kwa magoti kunakoletwa na umri na mizigo. Hayo huuma zaidi jioni baada ya kazi na hupungua mtu akipumzika. Kuna jongo, ambalo hushika ghafla usiku, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Na kuna lupasi, ndugu wa rumatoidi, ambayo pamoja na viungo inaweza kushika ngozi na figo. Kila moja ina matibabu yake.

Kuutambua ugonjwa huu daktari hutumia macho na mikono yake kwanza: anaviminya viungo na kuhesabu vilivyovimba. Kisha kuna vipimo vya damu vya kuonyesha uvimbe mwilini, na vingine vya kutafuta alama za kinga iliyokosea, pamoja na picha ya eksirei. Hakuna kipimo kimoja kinachomaliza maneno. Wapo wagonjwa ambao alama hiyo haionekani kwenye damu, na wapo watu wasio na ugonjwa ambao inaonekana. Ndiyo maana mtu asijitangazie ugonjwa kwa karatasi ya maabara peke yake, wala asijiondolee.

SIKU YA KUAMBIWA

Mtu akiambiwa ana ugonjwa wa kudumu, sikio hufunga. Daktari anaeleza mambo kumi, mgonjwa anaondoka na mawili. Hilo si ujinga, ni mshtuko. Kwa hiyo ni vyema mgonjwa aende na mtu wake siku ya kurudi kliniki: mume, mke, dada au mtoto mkubwa anayejua kusoma. Mmoja anasikiliza, mwingine anaandika.

Maswali ya kuuliza si mengi. Ugonjwa unaitwaje? Dawa hii ni ya kutuliza maumivu au ya kuzuia ugonjwa wenyewe? Inamezwa lini, na ngapi? Dalili gani ikitokea arudi mara moja? Damu itapimwa tena lini? Daktari au afisa wa kliniki hakasiriki kuulizwa, na mwenye haya ya kuuliza ndiye anayekosea dawa.

Baada ya hapo huja majonzi. Wengine hulia, wengine hukasirika, wengine hukana na kusema maabara imekosea. Hukaa hivyo siku kadhaa, na ni haki yao. Lakini usingizi ukipotea wiki baada ya wiki, chakula kikakosa ladha, na mtu akaanza kusema afadhali asingekuwapo, hiyo nayo ni dalili ya kupeleka hospitalini kama vidole vilivyovimba. Huzuni nzito ni jambo la kawaida kwa wenye maumivu ya muda mrefu, na ina matibabu.

DAWA: ILE YA WIKI NA ILE YA KUNG'AA HARAKA

Dawa za ugonjwa huu ni za aina tatu, na kuzichanganya kichwani ndiko kunakoleta hatari.

Aina ya kwanza ni za kutuliza maumivu na uvimbe, kama ibuprofeni na diklofenaki. Hizi humsaidia mtu apate usingizi na kazi, lakini haziuzuii ugonjwa kula kiungo. Zikimezwa kila siku bila usimamizi huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, hasa katika joto letu ambapo mtu hushinda malishoni bila maji ya kutosha. Kuzinunua dukani mwezi baada ya mwezi ni kujifunika blanketi wakati nyumba inaungua.

Aina ya pili ni steroidi, kama prednisoloni. Historia yake inafundisha. Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo huko Minnesota, Marekani, Dkt. Philip Hench alimpa kotisoni mwanamke ambaye ugonjwa huu ulikuwa umemlaza. Baada ya siku chache mwanamke huyo aliweza kutembea. Dunia ilishangilia, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobeli. Lakini baada ya muda madaktari waliona bei yake: uso kuvimba, sukari na presha kupanda, mifupa kuwa myepesi, vijidudu kupata mlango. Ndiyo maana leo steroidi hutolewa kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, ili kumshikilia mgonjwa wakati dawa nyingine zinaanza kazi.

Hapo pana tahadhari mbili. Mtu aliyetumia steroidi kwa wiki kadhaa asiache ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari, kwa sababu mwili huwa umesahau kujitengenezea yake. Ya pili: dawa ya mtaani isiyo na lebo, iwe ya unga au ya chupa, ikimsimamisha mgonjwa kwa siku mbili kama muujiza, huenda imechanganywa na steroidi. Mgonjwa anasifu dawa, na mifupa inalipa.

Aina ya tatu ndiyo yenyewe: dawa za kumtuliza yule mbwa. Inayotumika zaidi ni methotreksati, ambayo kwenye pakiti huandikwa methotrexate. Nyingine ni haidroksiklorokwini na sulfasalazini. Hizi hazing'ai haraka. Huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kabla mgonjwa hajaona tofauti. Wengi huziacha katika wiki ya nne wakisema hazifai, na hapo ndipo mikono inapotea. Mvua haipandishi nyasi siku ileile.

Kuhusu methotreksati, kila mtu hapa asikie, hata asiye mgonjwa, kwa sababu anaweza kuwa na mgonjwa nyumbani. Dawa hii humezwa MARA MOJA KWA WIKI. Si kila siku. Mtu aliyezoea vidonge vya kila siku akikosea akaimeza kila siku, inaweza kumuua. Mgonjwa achague siku moja ya wiki, aiandike kwenye pakiti, na nyumba nzima iijue. Asiyejua kusoma atie alama kwenye kalenda au afunge fundo kwenye kamba kila wiki anapomeza. Pamoja nayo hutolewa vidonge vya foliki asidi ili kupunguza vidonda vya mdomo na kichefuchefu. Damu hupimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu. Pombe iachwe, kwa sababu ini haliwezi kubeba mizigo miwili.

Dawa zihifadhiwe mahali pakavu penye kivuli, mbali na watoto. Sanduku la chuma linaloachwa juani si mahali pa dawa.

Mgonjwa anayetumia dawa hizi aende kituo cha afya upesi akiona moja ya haya: homa, kikohozi kikavu na kukosa pumzi, vidonda vingi mdomoni, macho kuwa ya manjano, choo cheusi kama lami, au kiungo kimoja kuvimba ghafla kikiwa chekundu na cha moto. Asingoje siku ya kliniki. Na akifika aseme mapema anatumia dawa gani.

MAZIWA, MFUNGO NA MIMBA

Mambo haya matatu huulizwa katika kila baraza.

Maziwa hayakatazwi. Maziwa ni chakula kizuri kwa mifupa ya mgonjwa. Kinachokatazwa ni maziwa mabichi. Dawa za kutuliza kinga humwacha mtu na ulinzi mdogo, na brusela au kifua kikuu cha ng'ombe kikiingia humkuta hana nguvu. Kila maziwa yachemshwe, hata ya ngamia, hata ya mgeni wa heshima. Nyumba ikichemsha kwa ajili ya mgonjwa, watoto nao wamekingwa.

Mfungo wa Ramadhani unahitaji mpango wa mapema. Dawa nyingi zinaweza kuhamishiwa futari au daku, na ile ya wiki humezwa usiku bila shida. Za maumivu zimezwe na chakula, wala si tumbo tupu. Mgonjwa amwone daktari wiki chache kabla ya mwezi kuandama ili ratiba ipangwe. Yule ambaye figo zake zina shida au ugonjwa umemzidi, dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, na mashekhe wetu wako tayari kumweleza. Hata udhu unaweza kuwa kwa maji ya vuguvugu, na sala ikawa kwenye kiti.

Mimba ni jambo la kusema kabla, si baada. Methotreksati humdhuru mtoto aliye tumboni, na mama anayenyonyesha haitumii. Mwanamke anayetaka mtoto amwambie daktari, aiache miezi kadhaa kabla ya kushika mimba, na apewe dawa nyingine. Haidroksiklorokwini na sulfasalazini zinaweza kuendelea. Kwa sasa apate njia ya uzazi wa mpango. Wanawake wengi hupata nafuu wakiwa wajawazito, kisha ugonjwa hurudi baada ya kujifungua. Familia ikijua hivyo, hujipanga kumsaidia mama katika miezi hiyo. Ugonjwa huu haumnyimi mwanamke watoto, na haumpi mtu sababu ya kumwacha mkewe.

"MVIVU WA ASUBUHI"

Kuna dhuluma moja wanayotendewa wagonjwa hawa bila watu kukusudia. Asubuhi mama hawezi kushika kikombe. Hawezi kufunga kitambaa wala kukamua. Saa sita mchana viungo vimelegea, anatembea hadi dukani. Jirani anayemwona mchana anasema: huyu anajifanya, asubuhi alikataa kazi. Mume anaanza kuamini.

Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyo. Ukakamavu wa asubuhi ni dalili ambayo daktari huiuliza kwanza. Si uvivu. Kuna siku njema na siku mbaya, na mgonjwa hachagui. Watu wa nyumbani wakilijua hilo, nusu ya mzigo imeshuka. Ratiba inaweza kubadilika: kazi nzito zisogezwe hadi saa nne, mtoto mkubwa awashe moto, beseni la maji ya uvuguvugu litengwe ili mgonjwa azamishe mikono kwa dakika kumi na kuvikunja vidole polepole.

Kazi haikomi, inapangwa upya. Akina mama wa Isiolo ndio wanaokusanya maziwa ya ngamia yanayosafirishwa hadi Eastleigh, Nairobi, na kazi hiyo ni ya mikono: kunyanyua mitungi, kufungua vifuniko, kusugua. Badala ya mtungi wa lita 20, wa lita 10 au 5. Badala ya kubeba kwa vidole, kubeba kwa mkono wote au kumpakia punda. Kifuniko kifunguliwe kwa kiganja, si kwa ncha za vidole. Mpini wa kisu, wa jembe au wa mwiko ukifungwa kitambaa ukawa mnene, hauhitaji kushikwa kwa nguvu. Kazi ya shanga ifanywe kwa vipindi vifupi, na vidole vinyooshwe katikati.

Kulala kitandani siku nzima si tiba. Kiungo kisichotumika hukakamaa na misuli hunyauka. Kikiwa kimevimba sana kipumzishwe, kikitulia kitembezwe. Kutembea kila siku, jua likiwa bado halijakaza, ni dawa isiyouzwa. Sigara iachwe, kwa sababu huzidisha ugonjwa na kupunguza nguvu ya dawa. Miraa haitibu maumivu. Huondoa usingizi na hamu ya kula, vitu viwili ambavyo mgonjwa anavihitaji. Na kuchoma kiungo kwa chuma cha moto kunaacha kidonda juu ya ngozi huku ugonjwa ukiendelea chini yake.

Aliyeajiriwa ana haki zake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi, baada ya miezi miwili mfululizo kazini, angalau siku 7 za ugonjwa kwa mwaka kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari.

SAFARI NA GHARAMA

Kaunti hii ni pana. Mgonjwa wa Sericho au Merti hasafiri hadi mjini Isiolo kwa nauli ndogo, na madaktari bingwa wa viungo nchini ni wachache na wengi wako Nairobi. Kwa hiyo kila safari ipangwe izae matunda.

Njia ya kawaida ni kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Huko hutolewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti ndogo, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Isiolo, na ikihitajika kwa bingwa. Karatasi zote za vipimo, picha na pakiti za dawa ziwekwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki, na mfuko huo usafiri na mgonjwa hata familia ikihama na mifugo. Anayehamia malisho ya mbali aombe dawa za miezi miwili au mitatu, na aulize ni kituo gani kilicho njiani kinachoweza kumpima damu. Dawa ikibaki ya wiki mbili, ndio wakati wa kutafuta nyingine. Asingoje kidonge cha mwisho.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kujiandikisha hufanywa kwa simu yoyote kupitia *147#, au kwenye kituo cha afya. Huduma za msingi za zahanati na vituo vya afya hulipiwa na hazina yake bila mchango wa mgonjwa. Huduma za hospitali kubwa zinahitaji mchango uwe umelipwa: asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Wasio na mshahara hulipa ya mwaka kwa pamoja baada ya kukadiriwa. Kabla ya kupanda gari, mgonjwa aulize hospitalini ni vipimo na dawa zipi zinalipiwa na zipi atajilipia, ili asifike akarudi mikono mitupu.

Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mashine za kupima presha na sukari wanaweza kumpima mgonjwa wa steroidi hukohuko nyumbani. Yeyote ambaye tayari mikono au miguu yake imepinda anaweza kufanyiwa tathmini hospitalini na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hilo si aibu; ni haki.

MIKONO ILIYOFANYA KAZI

Kuna wanaouliza kama mtu mwenye ugonjwa huu bado ana kazi mbele yake. Christiaan Barnard, daktari wa upasuaji wa Afrika Kusini, aliambiwa ana baridi yabisi ya rumatoidi mwaka 1956 akiwa masomoni Minnesota. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, na riziki yake yote ilikuwa vidoleni. Tarehe 3 Desemba 1967, miaka 11 baadaye, mikono hiyohiyo ilifanya upandikizaji wa kwanza duniani wa moyo wa binadamu kwa binadamu, katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Aliendelea kupasua hadi mwaka 1983, mikono ilipokataa.

Habari hiyo isemwe yote: ugonjwa hatimaye ulimnyang'anya kisu. Lakini ulimwachia zaidi ya miaka 25 ya kazi tangu siku ya kuambiwa, na wakati huo methotreksati haikuwa dawa ya kawaida ya viungo. Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa ugonjwa huu mwaka 1988. Mama wa Garbatulla anayeanza dawa leo, mapema na bila kukatiza, ana silaha ambayo daktari huyo mashuhuri hakuwa nayo alipoambiwa.

YA KUBEBA NYUMBANI

Mambo ni haya, ayaeleze kila mmoja kwa asiyefika barazani.

1. Viungo vidogo vikivimba pande zote mbili na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya wiki sita, nenda kituo cha afya.
2. Aliyetibiwa brusela akamaliza dawa na bado anaumwa, aombe kuchunguzwa upya.
3. Dawa ya wiki ni ya wiki. Siku moja, nyumba nzima iijue.
4. Dawa ya kuzuia ugonjwa ipewe miezi mitatu kabla ya kuhukumiwa, na isiachwe kwa sababu maumivu yameisha.
5. Steroidi haikatizwi ghafla, na dawa isiyo na lebo haimezwi.
6. Maziwa yachemshwe.
7. Anayetaka mtoto au anayejiandaa kufunga amwone daktari kabla.
8. Mgonjwa asiitwe mvivu.

Wengi wanaogopa neno "ugonjwa wa kudumu" kana kwamba ni hukumu. Kinachodumu ni ugonjwa na dawa pia. Maumivu si lazima yadumu. Wapo wengi ambao uvimbe hulala kabisa wakitumia dawa, wakakamua, wakashona, wakaandika na kubeba wajukuu. Wengine huhitaji kubadilishiwa dawa mara mbili tatu kabla ya kupata inayowafaa, na hao nao wasikate tamaa njiani. Aliyeambiwa juzi asingoje msimu upite, mifugo irudi au arusi iishe ndipo aanze. Aanze wiki hii, mikono ingali inakunjika.

Maswali yaelekezwe kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu au kituo cha afya kilicho karibu.